Kuku Sita wa Nyamugo na Neno la Herufi Tatu

Inatangazwa kwa citoyens na citoyennes, raia wote, wa Bukavu, wa Kadutu na wa Ibanda, walio kazini na wanaojifanya wako kazini, kwamba mwaka 1974, katika kartie, yaani mtaa, ya Nyamugo, neno moja la Kiingereza lenye herufi tatu lilikamatwa likiwa hai, likafungiwa ndani ya kibanda cha matete na kulishwa mahindi kwa miezi miwili. Neno lenyewe ni *get*. Aliyelikamata ni Citoyen Bulonza, mbeba batri. Bendera zipandishwe. Wenye kofia wavue.

Mkishavua kofia, njooni tumwangalie mtu mwenyewe.

Bulonza alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mabega mapana, maneno machache. Padri alimbatiza Modeste, yaani mnyenyekevu, na katika maisha yake yote padri yule hakupata tena kubahatisha jina hivyo. Mwaka 1972 ilipotoka amri kwamba majina ya Kikristo yatupwe na kila mtu arudi kwa majina ya mababu, Bulonza alilivua jina la Modeste kama mtu anavyovua shati lililoloa, bila hasira. Mke wake Bibiane, ambaye sasa kwenye karatasi alikuwa na jina lingine kabisa, aliendelea kumwita Modeste ndani ya nyumba na Bulonza akiwa nje, uani. Mpaka ulikuwa kizingiti cha mlango.

Kazi yake ilikuwa kubeba batri ya phonie, ile redio ya kusemeshana, kwenye misheni ya Wanorvege. Batri ilikuwa ya lori. Usiku ililala gereji, chini ya kilima, ikijazwa umeme. Asubuhi ilipanda mpaka bureau, ofisi ya misheni, juu ya kilima, na iliyoipandisha ilikuwa migongo miwili: wa kilima na wa Bulonza. Baada ya mazungumzo ilibidi ishuke. Bulonza, kwa kuwa hakuona maana ya kushuka mikono mitupu na kupanda tena, alikaa mlangoni akisubiri, akisikiliza. Alisubiri hivyo miaka kumi na mmoja. Misheni zote za Kivu, za Waamerika, za Waswidi, za Waingereza, zilipigiana kelele kwa Kiingereza kutoka Shabunda hadi Kalehe, zikiulizana hasa nani ana petroli, na Kiingereza kikamwingia masikioni polepole kama vumbi linavyoingia kabatini. Hakuna aliyemfundisha. Hakuna aliyejua.

Aliyekalia kiti cha opereta alikuwa Gaston, kijana wa njia ya nywele katikati na viatu vya ncha. Gaston alisikiliza Kiingereza na kuandika Kinorvege katika kaye kubwa, daftari la misheni, kwa sababu kaye hiyo kila miezi mitatu ilisafiri mpaka Norvège, ikasomwe na wazee wa misheni. Shida ya Gaston ilikuwa moja. Kila alipokutana na lile neno la herufi tatu, aliandika *få*, ambalo kwa Kinorvege ni kupokea, kupewa kitu mkononi. Na waliomo redioni hawamalizi sentensi bila neno lile. Basi wazee kule Norvège walisoma kwamba daraja limepokea kuvunjika, kwamba muuguzi amepokea malaria na sasa anapokea kupona, na kwamba daktari amepokea Kalehe siku ya Jumanne. Waliandika barua ya heshima, wakiuliza kama daktari amepewa Kalehe nzima au kipande tu, na nani aliyempa.

Barua ilimfikia Mamuzeli. Huyu ndiye aliyeongoza misheni, muuguzi mzee, mrefu, aliyeondoka kijiji chao cha wavuvi kabla Kiingereza hakijafika huko. Alijua Kinorvege cha kuomba, Kiswahili cha kuishi na Mashi, lugha ya wenyeji, ya kugombeza. Alimwita Gaston. Gaston alisikiliza, akachukua viatu vyake vya ncha, akaenda Shabunda kuchimba dhahabu. Kiti kikabaki wazi.

Hapo ndipo Bulonza, ambaye mgongo wake ulikuwa umeanza kumwambia habari zake kila asubuhi, alipofungua mdomo.

"Mamuzeli, ile kiti."

"Ile kiti imefanya nini?"

"Miye naweza kuikaa."

Mamuzeli alicheka mpaka miwani ikashuka. Kisha akamsemesha Kinorvege, naye akajibu Kinorvege, kile kile chake yeye Mamuzeli, pamoja na lafudhi ya wavuvi na matusi madogo ya kumfukuza mbuzi bustanini. Mamuzeli akaacha kucheka. Alisema: "Camille, mpwa wa pasta, iko na diplome, na yeye anataka. Nitakupa miezi miwili. Vendredi ya mwisho utakaa pale, utaandika habari za asubuhi peke yako. Ukiandika tena kama Gaston, utarudi kwa batri, na mimi sitaki kusikia kiti tena." Akachukua karatasi, akamwandikia maneno sita ya Kinorvege yaliyopendekezwa na wazee katika barua yao, kazi sita za neno moja la Kiingereza, na ubavuni maana zake kwa Kiswahili.

Ndiyo, sita. Neno lile ni Mzairwa kamili, mwana wa Zaire: lina kazi sita, na hakuna hata moja inayolitosha kuishi.

Karatasi haikumsaidia Bulonza. Alikuwa mtu wa masikio. Kitu alichokisoma kilitoka, kitu alichokiita kwa sauti kila siku kilibaki. Na vitu pekee alivyoviita kila siku walikuwa kuku wa Bibiane. Kuku walikuwa sita. Mtu mwingine angeona ni bahati. Bulonza aliona ni kuku sita. Akaanza kuwatazama. Yule mweupe, aliyezoea kula mkononi bila kujisumbua, akawa Få, ikitamkwa Fo. Yule mwekundu mnene, ambaye mpaka alipotaga walidhani ni jogoo, akawa *Bli*, maana yake kuwa kile ambacho jana hukuwa. Mwembamba mwenye shingo ya kutu, bingwa wa kuchimbua mnyoo kwenye saruji, akawa *Skaffe*: kutafuta kitu mpaka kipatikane, hata kama hakipo. Kwa Kifaransa cha Kinshasa, Article 15, yaani jitafutie mwenyewe. Na wengine watatu vivyo hivyo.

Tangu siku hiyo, kila alfajiri, Nyamugo iliamka kwa kelele za Bulonza: "Skaffe! Toka kwa sombe! Bli! Bli, njoo! Hente, wacha mwenzako!"

Eulalie, jirani wa upande wa choo, alisikia hayo wiki baada ya wiki, akafika mwisho wa uvumilivu wa jirani yeyote mwenye akili timamu. Alitangaza bombani kwamba Wabeleji wamerudi, wako kwa Bulonza, na wanakula mahindi.

Habari ilimfikia Citoyen Chirimwami.

Citoyen Chirimwami alikuwa mkuu wa cellule, tawi la chama, ya kartie. Kabla ya amri alikuwa Grégoire, na alikuwa Grégoire mwema, fundi wa baiskeli. Cheo kilimpa abacost ya kijani, lile koti rasmi lisilovaliwa tai, yenye vifungo sita, viwili kati yao vikishirikiana kubeba tumbo. Alifika kwa Bulonza siku ya mercredi, yaani Jumatano, saa kumi ya mchana, siku mbili tu kabla ya ile vendredi ya mtihani.

"Citoyen Bulonza, nimekuja na jambo nzito."

"Karibu, citoyen chef. Kaa."

"Sikai." Akakaa. "Wanasema hapa kwako munaitana majina ya kigeni."

"Kwa nyumba, hapana. Kwa kibanda."

"Bli ni nani?"

"Ule mwekundu."

Mkuu alimtazama kuku mwekundu. Alimtazama muda mrefu kidogo kuliko sheria ilivyohitaji, hasa kwenye mapaja.

"Ni jina la Mukristu?"

"Ni ya Norvège."

"Norvège! Hata Mubeleji hatujasahau, weye unatuletea Norvège?"

"Ni kuku, citoyen chef," Bibiane alisema kutoka jikoni.

"Citoyenne, loi, ile amri, haikusema mutu, haikusema kuku. Loi inasema jina. Miye hapa, baba ya batoto munane, niliacha Grégoire. Niliacha! Roho iliniuma, lakini niliacha. Sasa kuku aendelee kuwa muzungu, miye nimutazame?"

Wakati huo huo, kutoka barabarani, sauti ya mke wake Adélaïde ilipanda kilima: "Grégoire! We Grégoire! Bugali inapoa!"

Bibiane alichungulia kutoka jikoni. Hata Skaffe aliacha kuchimba.

"Anaita nani?" Bibiane aliuliza.

"Mutu mwingine," mkuu alisema. "Nasema hivi: leo, mbele yangu, hawa wapewe majina ya kwetu. Ama nawachukua wote kwa bureau, kama vielelezo."

Wote tunajua vielelezo vya aina hiyo huishia kwenye sufuria gani. Bulonza alipauka. Siku mbili zilibaki. Wakiondoka kuku, maneno yameondoka. Wakibaki na majina mapya, maneno yameondoka vile vile, na juu ya kilima batri inamsubiri mpaka siku ya kuzikwa. Hakuwa mtu wa kujitetea.

Bibiane alitoka jikoni na kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi iliyoiva vizuri, akakiweka mbele ya mgeni na kupiga goti kidogo, goti la kupigia wakubwa, ambalo hakuwahi kulitumia tangu harusi.

"Citoyen chef, unasema haki. Lakini utuonee huruma. Siye ni watu wadogo. Baba ya Bulonza alilima maharagi, na tate yake, yule babu, alilima maharagi. Jina kubwa tutatoa wapi? Kama ingekuwa jamaa kubwa, jamaa yenye wanawake wa kujulikana, kama yenu ile..."

Mkuu alikunywa. Alipangusa midomo. "Kwetu," alisema, "wanawake walikuwa wanawake."

"Ndiyo vile tunasikiaka."

"Ule mwekundu," mkuu alisema, akinyoosha kidole kama askofu, "mumwite Namwezi. Mama ya baba yangu."

Bulonza aliinua kichwa. "Alifanyaka nini, Namwezi?"

"Alifika kwetu mutumishi wa kupepeta mtama. Baada ya miaka mitatu yeye ndiye alikuwa mama wa boma, na waliomtuma wakawa wanamupepetea. Alikuwa kitu kingine!"

"Bli," Bulonza alinong'ona.

"Unasema?"

"Nasema, iko muzuri."

Kibuyu kilishuka, wanawake wa ukoo wa Chirimwami wakapanda mmoja mmoja. Kuku mweupe akawa Nabintu, shangazi mkubwa aliyekaa tu kwenye mkeka huku watu wakimletea ng'ombe, nguo na chumvi, bila yeye kunyoosha hata mguu. Yule wa shingo ya kutu akawa Nankafu: wakati wa vita vya Wadachi alipata sindano ya charahani katika nchi isiyokuwa na charahani, na mpaka leo hakuna anayejua wapi. Yule anayevuka ua kila asubuhi na kurudi na kitu mdomoni akawa tantine Nsimire, shangazi mwingine, aliyekuwa akiteremka mpaka Luvungi kuchukua mchele, akijua nyumba, akijua mwenye mchele, akijua hata mbwa wa pale, halafu akapanda nao kichwani. Hente huyo. Wa tano akawa Zihalirwa, aliyeelewa mambo kabla hayajasemwa, na kwa sababu hiyo hakuolewa. Wa sita akawa Nshobole, aliyefika kwenye kila kilio kabla ya jamaa ya marehemu, mara moja alifika kabla marehemu hajafa.

Kila jina lilipotajwa Bulonza aliuliza lile lile, "Na huyu, alifanyaka nini?", na mkuu, ambaye nyumbani kwake hakuna aliyemwuliza hadithi hizi tangu miaka mingi, alisimulia mpaka macho yakamlengalenga. Alisema hajaona katika kartie yote citoyen mwenye kupenda authenticité, mambo ya asili ya kwetu, kiasi hiki.

Jua lilipoegemea upande wa milima alisimama, akajivuta abacost, akamtazama tena kuku mwekundu. Sasa, desturi inajulikana: mgeni mwenye cheo haondoki mikono mitupu. Anafungiwa kuku miguu kwa kamba ya mgomba, anampakata kwapani, anapita barabara ya katikati ili watu waone. Mkuu alisubiri. Alikohoa, ili desturi isikie.

Bibiane alikuja na kamba. Ilikuwa tayari imeloweshwa.

"Citoyen chef, hatuwezi kukuachia uende hivi. Nikufungie nani?"

"Eh... chagueni tu wenyewe."

"Namwezi iko na mafuta. Lakini ni mama ya baba yako. Ao tantine Nsimire? Iko mukavu kidogo, ila ukimutia karanga..."

Mkuu alishika kifungo cha abacost.

"Ama Nabintu? Kidari yake ni kubwa. Adélaïde atamukata vipande ngapi?"

"Citoyenne!"

"Nauliza tu, juu ya hesabu ya sahani."

Citoyen Chirimwami aliwatazama wanawake wa ukoo wake, mmoja baada ya mwingine, wakidonoa mbele ya kibanda. Nshobole alimkaribia akamgonga kiatu. Inasemekana mkuu alirudi nyuma hatua nzima na kutikisa kichwa kwa heshima, lakini hilo alilisema Eulalie, aliyekuwa amepanda juu ya tofali.

"Muwaache wapumuzike," alisema mwishowe. "Na mutu asiwaguse. Nasema hivi kwa jina la cellule. Hawa... hawa ni wa kartie."

Aliondoka na nusu kibuyu. Bibiane aliikunja kamba.

"Modeste," alisema, ingawa walikuwa nje, uani, "umeyashika maneno?"

"Nimeyashika vizuri kuliko mbele," Bulonza alisema. "Kuku walikuwa wananichanganya. Wanawake wana maana."

Vendredi, saa moja asubuhi, batri ilipanda kilima kwa mara nyingine. Safari hii aliyeibeba aliiunganisha, akapangusa mikono kwenye suruali, akazunguka meza, akakaa. Mamuzeli alikaa pembeni, kalamu ya risasi mkononi. Camille, mpwa wa pasta, alisimama dirishani na diplome yake ndani ya bahasha, endapo itahitajika haraka.

Redio ilikoroma, ikakohoa, ikaanza. Shabunda: ndege imefika salama. Bulonza aliguna "Nshobole" na kuandika *komme*. Kutoka Kalehe, muuguzi aliyelala wiki nzima anaanza kuwa na nguvu. "Namwezi." *Bli*. Kuna aliyesema hakuelewa ujumbe wa jana. "Zihalirwa," na kalamu ikaandika *forstå*. Mamuzeli alifuata kwa jicho, mstari kwa mstari, akitafuta daktari aliyepokea mji. Hakumwona. Camille aliihamishia bahasha mkono mwingine.

Kisha Kalehe ikarudi, sauti ya haraka: mapacha wamezaliwa, mama hana maziwa, Bukavu tafadhali *get* maziwa ya poda, leo.

Bulonza aliandika. Kalamu ya Mamuzeli ikashuka kwenye karatasi kama mwewe.

"Hapa umeanguka. Umeandika *skaffe*. Maziwa ni kitu ya kwenda kuchukua na kurudi. *Hente*. Nitatuma chauffeur sasa hivi, anachukua, anarudi. *Hente*, Bulonza."

Camille alisogea hatua moja ndani.

Bulonza alitazama neno lake. Alikuwa na jasho puani. Miaka kumi na mmoja hakuwahi kumbishia Mamuzeli hata kuhusu mvua.

"Mamuzeli," alisema, "maziwa iko wapi?"

"Kwa duka ya Mugiriki."

"Mugiriki alienda. Duka serikali ilipatia citoyen mumoja. Anauza kalenda."

"Basi kwa farmasi."

"Kwa farmasi kuko kamba za viatu."

"Kwa magasin ya chini, karibu na poste..."

"Walifunga. Mukubwa wake anatafuta maziwa, yeye pia."

Mamuzeli alitazama dirishani. Nje lori lilikuwa limeshawashwa.

"Sasa haiko *hente*," Bulonza alisema polepole. "*Hente* ni Nsimire. Alijua nyumba. Hii ni Nankafu. Kitu hakiko, na lazima kipatikane."

"Nankafu ni nani?"

"Ni kuku, Mamuzeli. Na ni mutu wa kwa chef de cellule."

Mwanamke yule mzee alivua miwani, akaifuta na upindo wa gauni, akaivaa. Akageuza kalamu upande wa kifutio, akafuta masahihisho yake mwenyewe. Kisha akapiga kelele dirishani, kwa Mashi, chauffeur azime lori, asiende dukani kupoteza mchana. Watu watatu watoke kwa miguu wakaulize kwa masista, kwa wakunga, kwa kila mwanamke mwenye mtoto anayetambaa. Saa sita makopo matatu yalipatikana Nguba, kwa mshona nguo aliyekuwa akiyahifadhi chini ya vitambaa. Saa tisa yalikuwa Kalehe. Camille alirudi nyumbani na bahasha. Batri ilishuka kilima siku hiyo juu ya toroli, kwa sababu opereta mpya, katika amri yake ya kwanza na ya mwisho, aliuliza kama misheni ina toroli. Ilikuwa nayo tangu zamani. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Kesho yake, Jumamosi, ilikuwa samedi ya salongo, kazi ya pamoja ya lazima, kartie nzima na majembe ikizibua mtaro. Citoyen Chirimwami alipanda juu ya lundo la udongo. Alisema leo Nyamugo imezaa opereta. Alisema ukoo wake, kwa kupitia mama zake na shangazi zake, umetoa mchango ambao Norvège haitausahau, na kwamba huko Ulaya sasa hivi wazee wanasoma kaye na kutikisa vichwa. Watu walipiga makofi. Kupiga makofi kunapumzisha mkono wa jembe. Adélaïde alipiga vigelegele kwa jina lisiloruhusiwa.

"Na sasa," mkuu alisema, akimvuta Bulonza juu ya udongo, "citoyen opérateur, wewe ambaye umeingia ndani ya neno la wazungu mpaka chini kabisa, waambie ndugu zako. Mule ndani, wanafichaka nini?"

Watu waliegemea majembe. Bulonza alifikiri. Alijikuna mgongo.

"Mara mingi," alisema, "wanatafutaka tu petroli."